Karatasi Ambayo Sikukusomea

Kangemi, Nairobi
Jumapili mchana, baada ya kanisa

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Mwikali. Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye mwanga, miwani iko puani na lile goti halikusumbui sana. Je, unalikanda kwa maji moto yenye chumvi kama ulivyoambiwa, ama ulikanda siku mbili ukaacha, kama kawaida yako? Mvua mmepata? Kaka Musyoka aliniambia imegusa upande wa mlima tu, huko kwetu chini ni mawingu ya kupita. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, sijaugua. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ukiona barua badala ya simu utadhani nimelazwa.

Sikupiga simu kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua mwenyewe: ukipokea simu unaiweka dirishani penye mtandao, unaifungulia sauti yote, na mambo yangu yanasikika hadi zizini kwa mbuzi. Ya pili ni kwamba nimejaribu kukuambia haya kwa mdomo mara nne, na mara zote nne niliishia kukuuliza habari za kuku. Juzi ulicheka ukasema, "Kwani kuku ni wako ama ni wangu?" Hukujua kwa nini nilikata simu haraka. Kwa hivyo naandika. Musyoka atakuletea bahasha ikiwa imefungwa kwa gundi, nimemwambia asiifungue. Isome mwenyewe, polepole, na nakuomba usimpe mtu akusomee kabla hujafika mwisho.

Nimekukosea, Mwaitu. Nimeandika sentensi hiyo na kuikata mara kadhaa, sasa nimeiacha.

Unakumbuka Agosti nilipokuja wiki nzima? Alasiri ya Alhamisi tulikaa jikoni tukiambua mbaazi, wewe kwenye kigoda, mimi kwenye gunia, na simu yangu ilikuwa kati yetu juu ya ungo, imefunikwa na leso. Uliniuliza mbona simu imelala hapo, nikasema naikinga na vumbi. Haikuwa vumbi. Simu ilikuwa inarekodi. Ilirekodi tangu ulipoanza kuzungumza juu ya mvua za zamani hadi ulipoinuka kwenda kufunga ng'ombe.

Najua hujaelewa kazi yangu vizuri, na kosa si lako. Niliposema nafanya kazi ya kompyuta uliwaambia wenzako nimeingia benki, nami nikakuacha hivyo kwa sababu ilinifurahisha. Si benki. Ni ofisi ndogo huku karibu na Adams Arcade, ghorofani juu ya duka la dawa, na kazi yetu ni kukusanya sauti za watu wanaozungumza Kikamba. Tunazirekodi, tunaandika kila neno lililosemwa, kisha zinatumiwa kuifundisha mashine ielewe lugha yetu. Ni ile akili mnemba unayoisikia kwenye redio. Siku moja mkulima kama wewe ataweza kupiga simu, aulize kwa Kikamba kuhusu viwavi kwenye mahindi, na ajibiwe kwa Kikamba. Hiyo ni kazi nzuri na bado naiamini.

Sauti zetu haziwekwi kwenye kabati la mtu mmoja. Zinawekwa wazi, mahali ambapo chuo, serikali au kampuni yoyote inaweza kuzichukua kwa masharti. Ni sawa na lile daftari la zamu la kikundi chenu cha mwethya. Mnazungukiana mashambani kuchimba makingamaji, na daftari linakaa mezani siku zote, ili yeyote mwenye shaka aone nani amechimbiwa na nani bado. Kila sauti ina ukurasa wake unaosema ilitoka wapi, nani aliirekodi, mwenye sauti alikubali nini, na nani ameichukua tangu hapo. Zamani watu walikuja kwetu na vinasa sauti, wakaondoka navyo, na mpaka leo hakuna ajuaye sauti za wazee wetu zilitumiwa kufunza mashine gani. Mashine kama hiyo ikimpotosha mtu, utamuuliza nani? Lakini ikiwa kila ilichofunzwa kiko wazi, mtu anaweza kufuata nyayo hadi aone kosa liliingilia wapi. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwafundisha wageni ofisini, nikisimama mbele yao na kalamu ya ubao, mimi huyu.

Ofisi ilitaka mtu wa kuongoza kundi la Kikamba. Tulikuwa wawili tuliotajwa. Wote tulikuwa na rekodi nyingi, lakini zangu zilikuwa za watu wanaosoma maswali na kujibu kama watoto wa shule. Walitaka mazungumzo ya kweli, ya mama wa umri wako, anayeongea akiwa ametulia. Nikasema moyoni, sauti hiyo ninayo nyumbani. Sikusema nitamwomba. Nilisema ninayo.

Sasa sikiliza nilivyokufanya utie sahihi. Asubuhi ya kuondoka nilitoa karatasi kwenye mkoba, kurasa nne za Kiingereza. Ukauliza, "Inasema nini?" Nikajibu, "Ni mambo ya kazi tu, Mama, wanataka kuhakikisha nilifika nyumbani." Ukapangusa mikono kwenye leso, ukachukua kalamu, ukaandika Kalunde kwa zile herufi zako kubwa, ukasema Mungu abariki kazi ya mikono yangu. Ni wewe huyo ambaye katika kikundi chako hakuna anayetia sahihi jambo lisilosomwa kwa sauti mbele ya wote. Ni wewe uliyemrudisha yule afisa wa kilimo akasome karatasi yake upya, juani, mara mbili, huku jasho likimtoka. Kwangu hukudai nisome. Nilijua hutadai, na ndiyo sababu niliitoa asubuhi ile, begi likiwa tayari mlangoni.

Kwenye ukurasa wa nne kuna mstari unaosema, "Maelezo haya yalisomwa kwa lugha ya mzungumzaji na", halafu nafasi. Niliandika jina langu nikiwa ndani ya gari, kabla hatujatoka hata sokoni.

Mwaitu, ungekuwa ulizungumza juu ya mvua na mbaazi peke yake, pengine leo nisingeandika. Lakini alasiri ile uliniambia habari ya mbegu.

Unajua ni ipi. Mwaka wa njaa, ghala la mbegu la kikundi lilikuwa nyumbani kwako, na mimi nilikuwa mchanga, naharisha, sishiki chochote. Ulifungua vibuyu viwili vya kunde za mbegu, ukatupikia siku nne. Ukajaza vibuyu makapi ya mtama, ukavifunga tena kwa majivu na samadi ili akivinyanyua mtu asishtuke. Mvua iliponyesha na zamu ya Mama Syombua ya kupewa mbegu ilipofika, ulimwambia wadudu wameingia. Shamba lake likabaki nusu tupu. Mavuno yaliyofuata ulirudisha mbegu ghalani, vibuyu vitatu badala ya viwili, lakini hukumwambia, na mpaka leo anakusifu kanisani kuwa mtunzaji mwaminifu. Ulinyamaza kidogo, ukaambua mbaazi mbili tatu, ukasema hujawahi kumwambia mtu, hata Baba alikufa hajui. Kisha ukamwigiza Syombua alivyokuwa akitikisa kichwa na kusema, "Wadudu wa mwaka huu wana meno," na tukacheka wote wawili, nawe ukafuta macho.

Niliporudi Nairobi nilikaa na vipokea sauti masikioni nikaandika maneno hayo yote, neno kwa neno. Ni mimi niliyepaswa kukagua. Pembeni ya kila kipande kuna alama tunayoweka tukisikia jambo la faragha, na kipande kikipewa alama hiyo kinakatwa, hakifiki kwa watu. Uwazi wa kazi yetu hauna maana kwamba kila kitu kinaanikwa. Hata boma lisilo na lango lina chumba cha kulala chenye mlango. Mkono wangu ulikwenda kwenye alama hiyo, ukarudi. Kipande kile kilikuwa kizuri kuliko vyote, sauti imetulia, hakuna jogoo wala upepo, na mahali unaponyamaza panasikika kabisa kuwa unakumbuka. Nikakiacha. Nilipewa kundi la Kikamba mwezi uliofuata, na utakumbuka nilikupigia tukaomba pamoja kushukuru.

Halafu ikaja siku ya kuonyesha kazi yetu. Ulikuwa mkutano mkubwa katikati ya mji, kwenye ukumbi wa hoteli, viti vimevikwa vitambaa vyeupe, watu wa serikali, wa vyuo, wa makampuni. Nilinunua viatu kwa ajili ya siku ile. Mkuu wangu wa kazi, Wanjiru, ambaye ni mtu wa Mutuini na nimekwisha kukutajia kwamba alinipa viazi vya shamba lao nilipohamia, ndiye aliyesimama kueleza. Akasema, "Sasa tusikie mama mmoja wa Ukambani." Sikuwa nimeambiwa wamechagua kipande gani.

Nikasikia sauti yako ikitoka kwenye spika kila upande wa ukumbi. Kwenye ukuta maneno ya Kiswahili yalikuwa yakipita chini, mashine ikitafsiri. "Nilifungua vibuyu viwili. Nilijaza makapi." Watu waliandika kwenye vijitabu vyao. Ulipomwigiza Syombua, ukumbi mzima ulicheka. Walicheka kwa wema, Mwaitu, lakini walicheka, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu na viatu vipya nikitazama magoti yangu.

Walipomaliza kupiga makofi, mama mmoja aliinua mkono. Mtu mzima, nywele zimeingia mvi, amevaa sweta, anafanya kazi katika ofisi ya serikali inayoshughulikia haki za watu juu ya taarifa zao. Akasema:

"Mimi ni Mkamba. Na nimesikiza vizuri. Huyu mama anaongea na mtu wake. Hakuna mama wetu anaweza ambia stranger hii maneno, hata umpe nini. Nauliza tu, alijua anarekodiwa?"

Wanjiru akajibu kwa kujiamini, "Ndiyo, madam, na uzuri wa kazi yetu ni kwamba hatuombi mtu atuamini tu. Kila kitu kiko wazi." Akafungua ukurasa wako ukutani. Jina lako halikuwepo, tunaficha majina, umeandikwa Mzungumzaji wa arobaini na moja, mama, mkulima. Lakini kikundi umekitaja kwa mdomo wako, na Syombua umemtaja, na mlima umeutaja. Jina la kujificha lina faida gani hapo? Na mstari wa chini ulisema: kibali kimesomwa kwa Kikamba na Mwikali.

"Mwikali yuko hapa?" akauliza yule mama.

Nikasimama.

"Ulimsomea?"

"Ndiyo, madam."

"Yote?"

"Ndiyo."

Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. Akauliza kwa Kikamba, taratibu, kama anavyouliza mtu wa nyumbani, "Ni nani wako?"

Nikamjibu kwa Kiswahili ili wote wasikie. Nikasema, "Simjui sana, ni mkulima tu wa huko."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, Mwaitu. Sijayapunguza. Wewe uliyenipikia mbegu za watu nisife, nilisimama mbele ya watu nikasema sikujui. Nikakaa. Mkutano ukaendelea, tukapewa chakula, na mimi nikala.

Kesho yake asubuhi Wanjiru aliniita ofisini kwake.

"Mwikali, kuja. Funga mlango. Jana sikutaka kukuuliza mbele ya watu, so nakuuliza saa hii. Huyo mama ni nani?"

"Ni mamangu."

"Mamako aje? Ama ni mama wa kanisa?"

"Wa kunizaa."

Akavua miwani, akaiweka mezani. "Na form?"

"Sikumsomea. Alitia sahihi bila kujua. Hata kurekodiwa hakujua."

Aliinuka akafunga dirisha, sauti za watu wa duka la dawa zikakatika. Kisha akasema, "Unajua mamangu hawezi nunua hata sukari kama hajasoma nyuma ya pakiti? Ningemfanyia hivyo, angenikana." Nikaanza kulia naye akaniambia nilie haraka kwa sababu kuna kazi ya kufanya.

Sasa nakuambia jambo ambalo limenifunza zaidi ya kozi zote. Wanjiru ni mtu mwema, lakini aliogopa. Akasema, "Tunaweza itoa tu, pole pole. Tunafuta, tunaendelea. Hakuna mtu atajua." Na kweli hakuna ambaye angejua. Mimi ningebaki na kundi langu. Nilikaribia kusema sawa, na sitakudanganya kwamba nilikataa mara moja. Kilichonizuia ni ule ukurasa wako. Ulionyesha wazi kuwa sauti yako imekwisha kuchukuliwa na watu watatu, chuo kimoja na makampuni mawili. Tukifuta kimya, hao watatu hawatapata habari kuwa kuna kosa. Wataendelea kuwa nayo, wataendelea kuifundishia mashine zao, na wewe utakuwa unamwigiza Syombua kwenye spika za watu usiowajua miaka na miaka. Njia pekee ya kuwafikia ni kuandika kosa palepale palipoandikwa kibali, wazi, ili kila aliyeichukua aone.

Nikamwambia Wanjiru tuandike. Akaniuliza, "Na jina lako? Unajua litakaa hapo? Kila mtu atakayekuajiri ataliona." Nikasema likae. Sijisifu kwa hilo, Mwaitu, usidhani najisifu. Jina langu lilikuwa pale wakati ni la uongo, na sikuona ningeliondoaje wakati ni la kweli.

Kwa hivyo ukurasa wako sasa unasema kwamba sauti imefungwa, kwamba kibali hakikupatikana kwa haki, kwamba mkusanyaji ni Mwikali, na kwamba tunasubiri neno la mwenye sauti. Barua zilitumwa kwa wale watatu. Chuo kimejibu kuwa wameifuta. Kampuni moja imejibu vivyo hivyo. Ya tatu iko kimya hadi leo, na yule mama wa serikali ameahidi kuifuatilia. Mashine iliyokwisha kufunzwa haiwezi kutapika ilichokula. Itakayofunzwa mwakani haitapewa. Ni hayo tu niliyo nayo ya kukupa, na naona ni machache.

Mara nyingine naketi nikifikiri kwamba kama ofisi yetu ingekuwa kama zile nyingine, zinazofungia sauti kabatini, yule mama asingeuliza chochote na leo ningekuwa salama. Ningekuwa naongoza kundi, nakutumia salamu na sukari, nawe usingejua kamwe. Nikifikiri hivyo naona aibu upya, kwa sababu kuna sehemu yangu ambayo ingependa iwe hivyo.

Kundi la Kikamba limepewa mwenzangu, yule tuliyetajwa pamoja, na anafanya vizuri kuliko mimi. Mimi sikufukuzwa. Nimepewa kazi ya kurudi kwa kila mzee niliyemrekodi, na mwenzangu akiwa shahidi, kumsomea karatasi yote kwa Kikamba kisha kumuuliza upya. Wengi wanasema iendelee tu. Lakini wiki iliyopita, hapa Kangemi sokoni, mzee mmoja anayeshona viatu alinisikiliza hadi mwisho, akachomoa uzi mdomoni, akasema, "Hii ndiyo ilikuwa imeandikwa? Hapana. Toa yangu." Wakati ule wa kwanza alikuwa amenichekea na kunipa kigoda, na safari hii nilisimama. Nikamwandikia kuwa amekataa, akatazama nikiandika, akanirudishia kalamu yangu bila kusema kwaheri. Nilitembea hadi nyumbani nikihesabu ni wangapi wengine walinipa vigoda.

Wewe ndiye wa mwisho kwenye orodha, na ulipaswa kuwa wa kwanza.

Kwenye bahasha utakuta karatasi mbili. Moja ni ile uliyoitia sahihi, imetafsiriwa Kikamba yote, hata yale maandishi madogo. Soma uone ulichowekewa mdomoni. Ya pili ina visanduku vitatu. Cha kwanza kinasema sauti yako itolewe yote. Cha pili kinasema ibaki ile ya mvua na mbaazi, ya mbegu ikatwe. Cha tatu kinasema ibaki ilivyo. Weka alama kwenye kimoja, au usiweke chochote na ubaki nazo mpaka utakapotaka. Ukinyamaza, sauti itabaki imefungwa. Hakuna anayekuharakisha.

Najua desturi yenu ni karatasi kusomwa kwa sauti mbele ya wenzako, na najua hii huwezi kuisomesha mbele yao. Nimekunyang'anya hata hilo. Yule mama wa serikali huja nyumbani kwao Machakos kila mwisho wa mwezi, na amesema ukitaka atafika, atakusomea mkiwa ninyi wawili peke yenu, na mimi nisiwepo. Mwambie Musyoka ndiyo au hapana, nitamfikishia huyo mama, wala Musyoka hatajua ni la nini.

Kuhusu Mama Syombua siwezi kukushauri. Yeye naye alitajwa, na hakuna aliyemuuliza, si wewe wala mimi. Jambo hilo lilikuwa lako kwa miaka yote hii, la kulisema au kulinyamazia upendavyo, na mimi nimelichukua mikononi mwako. Akilisikia kwa mtu mwingine kabla hujaamua, kosa hilo liandike kwangu.

Nakuomba usiamue kwa kunihurumia. Ukinihurumia utasema ibaki, mtoto asipate shida, nakujua. Shida yangu imekwisha kuandikwa na haitaongezeka wala kupungua kwa alama yako. Chini ya karatasi ya pili palikuwa na mstari wa kujaza sababu. Wanjiru aliukata kwa kalamu mbele yangu, akasema mtu akikataa sauti yake, kukataa kunatosha. Kwa hivyo usimweleze mtu kwa nini. Hata mimi usinieleze.

Msalimie Musyoka, kaka yangu, na umwambie asibebe mizigo mizito kwenye pikipiki hiyo. Msalimie mkewe na watoto. Mjomba mkubwa mpelekee tumbaku ile niliyoifunga kwa karatasi ya kaki, na mwambie ndiye aliyenifundisha kusoma saa. Mama mchungaji mwambie aendelee kuniombea, asiulize ni kwa jambo gani.

Mama Syombua usimsalimie kwa niaba yangu. Kila nilipopiga simu nimemtumia salamu, ataona imekosekana, na atakuuliza mbona safari hii Mwikali amenisahau. Sijui utamjibu nini, Mwaitu.

Ni mimi mwanao, wa kuzaliwa na wewe,

Mwikali